Usitie Sahihi Peke Yako

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa matawi ya hospitali)



Nimeombwa niseme juu ya vijana wanaomaliza masomo ya uuguzi na kutafuta kazi ng'ambo. Jambo hili limefika mlangoni petu. Mwezi wa Julai 2021 serikali ya Kenya ilipatana na serikali ya Uingereza juu ya kupeleka wauguzi huko, na tangu siku hiyo vijana wengi huuliza habari za safari. Lakini leo nitawapeleka kwanza Ufilipino. Wenzetu wa huko wameipita njia hii miaka mingi kabla yetu, na aliyetangulia ndiye ajuaye mashimo yako wapi.

Neno langu ni moja, na nalisema mapema ili hata atakayesinzia aende nalo nyumbani. Taabu nyingi za muuguzi mpya huanza siku anapotia sahihi mkataba akiwa peke yake. Mbele yake yuko ajenti, yuko tajiri, na ziko serikali mbili. Nyuma yake hakuna mtu.

Tuanze na mwanzo wa mambo. Wamarekani waliichukua Ufilipino kutoka kwa Wahispania mwaka 1898. Walifungua shule za wauguzi, ya kwanza huko Iloilo mwaka 1906, na mafunzo yakatolewa kwa Kiingereza na kwa desturi za hospitali za Kimarekani. Kwa hivyo muuguzi wa Kifilipino alikuwa tayari kwa kazi ya Marekani hata kabla hajaiona Marekani. Nchi ilipata uhuru mwaka 1946. Mwaka 1948 Marekani ilianzisha mpango wa kualika wageni waje kujifunza kwa muda kisha warudi kwao. Wauguzi wengi walikwenda kwa mpango huo, wakilipwa posho tu. Baadhi ya hospitali ziliona faida hapo: zilimpa mgeni kazi kamili ya muuguzi, zikamlipa posho ya mwanafunzi. Mwaka 1965 sheria mpya ya uhamiaji ya Marekani iliwafungulia mlango wa kwenda kukaa kabisa. Na mwaka 1974 serikali ya Rais Marcos iliandika katika sheria ya kazi utaratibu wa kupeleka wafanyi kazi nchi za nje. Tangu hapo kwenda ng'ambo kumekuwa shauri la serikali yenyewe, maana fedha wanazotuma kwao huisaidia nchi nzima.

Sasa mtazameni kijana mmoja wa leo. Amesoma chuoni miaka 4. Mara nyingi karo imetoka kwa wazazi waliouza kitu, au kwa ndugu aliye ng'ambo. Akimaliza masomo bado hawezi kuitwa muuguzi. Lazima afanye mtihani wa serikali, wenye sehemu 5, ambao hufanywa mara mbili kwa mwaka. Sheria yao ya uuguzi ya mwaka 2002 yasema apate wastani wa alama 75 kwa 100, na asishuke chini ya 60 katika sehemu yo yote. Akishinda hula kiapo, akaandikishwa na kupewa leseni.

Hata hapo anaweza kuumizwa na makosa ya watu wengine. Mwezi wa Juni 2006 maswali ya sehemu mbili za mtihani huo yalivuja kabla ya siku yake. Waliofanya mtihani walikuwa zaidi ya 40,000, na wengi wao hawakuona swali hata moja mapema. Lakini Februari 2007 tume ya Marekani inayopima vyeti vya wauguzi wa kigeni, iliyoitwa CGFNS wakati ule, ilikataa kuwapa waliofaulu cheti cha kuombea viza mpaka warudie sehemu zile mbili. Mwaminifu na mwizi walipewa adhabu moja. Ndugu zangu, kumbukeni hilo mtu akija kuwauzia karatasi ya mtihani. Mwenye kununua huchafua jina la darasa zima.

Leseni ya nyumbani haitoshi ng'ambo. Kila nchi ina daftari lake la wauguzi na mlango wake wa kuingilia. Anayekwenda Marekani hufanya mtihani uitwao NCLEX, ambao tangu mwaka 2007 unaweza kufanywa Manila. Baada ya hapo kuna mtihani wa Kiingereza, na foleni ya viza ambayo huweza kula miaka. Anayekwenda Uingereza huonyesha kwanza kwamba anajua Kiingereza, hufanya mtihani wa kompyuta akiwa kwao, kisha akifika hufanya mtihani wa vitendo mbele ya wasimamizi. Kabla ya kufaulu huo wa mwisho hawi muuguzi aliyeandikishwa, na mshahara wake huwa wa chini.

Ujerumani ilipatana na Ufilipino mwaka 2013. Huko mgeni hujifunza Kijerumani, na kwanza hufanya kazi ya msaidizi mpaka cheti chake kikubaliwe. Japani ilianza kupokea wauguzi wa Kifilipino mwaka 2009, kwa sharti kwamba wafanye mtihani wa taifa kwa Kijapani na maandishi yake. Mwaka 2010 watahiniwa wa kigeni waliokuja kwa mapatano ya namna hiyo walikuwa 254, kutoka Indonesia na Ufilipino. Walioshinda walikuwa 3. Hao wengine hawakuwa wajinga. Walikuwa wauguzi wenye leseni za kwao, walioshindwa na majina ya magonjwa katika herufi ngeni.

Msicheke sana. Mwaka 2022 Waziri wetu wa Afya wa wakati ule alitangaza kwamba wauguzi wa Kenya wapatao 300 walifanya mtihani wa Kiingereza wa kwendea Uingereza, wakafaulu 10 tu. Sisi tunaojisifu kwamba tulifundishwa kwa Kiingereza tangu shule ya msingi!

Liko shimo jingine kati ya cheti na ndege. Waajiri wengi wa nchi za Ghuba na kwingineko hutaka mtu aliyekwisha kufanya kazi hospitalini, mara nyingi kwa miaka 2. Muuguzi mpya ataipata wapi miaka hiyo? Wakati vyuo vya Ufilipino vilipotoa wauguzi wengi kuliko kazi zilizokuwapo, ziko hospitali zilizowapokea kwa jina la watu wa kujitolea. Walifanya zamu kama wengine, waligeuza wagonjwa na kutoa dawa, wala hawakupata mshahara. Wengine ndio waliolipa hospitali ada ili wapewe karatasi ya kusema wamefanya kazi. Mambo yalifika mahali ambapo mwaka 2011 serikali iliingilia kati katika hospitali zake, ikaweka mpango wa kuwapa wauguzi 10,000 kazi ya mafunzo kwa posho ya peso 8,000 kwa mwezi. Ilikuwa posho, si mshahara. Sisi wa chama tunajua tofauti yake. Mwenye posho hana likizo, hana uzeeni, na akidai husemwa hakuajiriwa.

Sasa nafika kwenye karatasi yenyewe. Liko shauri moja la New York ambalo kila mfanyi kazi wa hospitali anafaa kulijua.

Wauguzi wa Kifilipino waliandikwa kwao, wakapelekwa Marekani kufanya kazi katika nyumba za kutunzia wagonjwa. Mkataba ulikuwa wa miaka 3. Ndani yake kulikuwa na kifungu kwamba atakayeondoka kabla ya muda atalipa dola 25,000. Walipofika walisema hawakupewa yale waliyoahidiwa juu ya mshahara na kazi. Mwezi wa Aprili 2006 wauguzi 10 wa nyumba moja walijiuzulu pamoja. Mwaka uliofuata walishtakiwa kortini kwa jinai, wao pamoja na wakili aliyewapa shauri, kwa madai kwamba waliwahatarisha watoto wagonjwa. Fikirini: mtu anaacha kazi, anashtakiwa kama mhalifu.

Hawakuachana. Januari 2009 korti ya rufani ya New York ilisimamisha mashtaka yale. Ilisema kwamba kuwaadhibu kwa kuacha kazi kunavunja kifungu cha katiba ya Marekani kinachokataza utumwa na kazi ya lazima. Na wakili naye hawezi kushtakiwa kwa kumweleza mtu haki yake. Baadaye wenzao zaidi ya 200 waliungana katika kesi moja, na mwaka 2019 jaji wa Brooklyn aliamua kwamba ile faini ya dola 25,000 ilivunja sheria inayokataza kuwatumikisha watu kwa nguvu.

Tazameni vizuri. Kifungu kile kilikuwa kibaya tangu siku ya kwanza. Lakini kila mmoja alipokisoma peke yake, usiku, dola 25,000 zilikuwa mlima. Walipokisoma pamoja, mbele ya jaji, mlima ukawa karatasi.

Wala msidhani hayo ni ya Marekani tu. Mwaka 2022 magazeti ya Uingereza yalitoa habari za wauguzi wa kigeni waliodaiwa maelfu ya pauni walipotaka kuacha kazi kabla ya muda, na chama cha wauguzi cha huko, RCN, kikapiga kelele.

Mtu ataniuliza, basi kwa nini wasikae kwao? Ni swali zuri. Ile sheria ya mwaka 2002 niliyoitaja iliweka pia kiwango cha mshahara wa kuanzia kwa wauguzi wa hospitali za serikali, daraja la 15. Daraja hilo lilikaa katika kitabu, halikufika mfukoni. Wauguzi walikwenda mpaka Mahakama ya Juu ya nchi yao, ambayo mwezi wa Oktoba 2019 ilikubali kwamba kifungu kile ni halali. Malipo yakaanza mwaka 2020, miaka 18 baada ya sheria. Na wa hospitali za watu binafsi hawakuguswa nayo. Basi mtu akisubiri miaka 18, huku ndugu yake wa Marekani anatuma fedha za kujenga nyumba, mtamlaumuje akifunga mizigo?

Mwaka huo huo wa 2020 korona ilipoingia, serikali yao iliwazuia wauguzi wasiondoke. Baadaye iliruhusu 5,000 kwa mwaka, kisha ikaongeza. Na Februari 2021 wizara yao ya kazi ilisema ingeweza kuwaruhusu wengi zaidi kwenda Uingereza na Ujerumani kama nchi hizo zingetoa chanjo. Uingereza haikukubali, na wauguzi walikasirika kutajwa kama mali ya kubadilishana. Ndiyo maana nasema serikali mbili zinapokaa mezani, muuguzi mwenyewe lazima awe na kiti.

Ndugu wanachama, sikuja kumzuia mtu asisafiri. Kutembea ni haki, na kijana anayetaka kuwalipia wadogo zake karo hastahili kuhubiriwa. Lakini kabla ya kutia sahihi, aje ofisini kwa tawi na karatasi yake, naye aulize maneno haya:

1. Ajenti ameandikishwa na serikali? Hapa kwetu ni Mamlaka ya Taifa ya Ajira inayotoa leseni hiyo.

2. Nani analipa mitihani, viza na nauli, na kama ni tajiri, je, ni zawadi au ni deni?

3. Nikiacha kazi kabla ya muda nitadaiwa kiasi gani, na deni hilo linapungua kwa kila mwezi niliofanya kazi?

4. Nitalipwa nini kabla ya kuandikishwa katika daftari la huko, na nikishindwa mtihani itakuwaje?

5. Mkataba nitakaopewa nikifika ni huu huu ninaotia sahihi leo?

6. Chama cha wafanyi kazi cha huko ni kipi, na naweza kujiunga siku gani?

Mwajiri mwenye nia njema atajibu yote bila kukasirika. Akikasirika, umekwisha kupata jibu.

Na sisi wa kamati tuna kazi yetu. Hatuwezi kungoja mpaka mtoto wa watu apige simu usiku kutoka ng'ambo akilia. Twendeni vyuoni kabla ya mtihani wa mwisho, tuwaeleze wanafunzi nini maana ya mkataba. Tuandikiane na vyama vya nchi wanakokwenda, ili anayeondoka kwetu apokewe na wenzake. Na tusiache kudai mshahara wa hapa nyumbani. Mwaka 2017 wauguzi wa Kenya waligoma karibu miezi 5, kwa hivyo hakuna wa kutufundisha uchungu wa ahadi isiyotimizwa. Atakayeondoka na aondoke kwa kutaka, asiondoke kwa kufukuzwa na njaa.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Basi karatasi ya mkataba nayo isisomwe na jicho moja.

 Maswali sasa.