Mali bila Daftari



Wengi wetu wa Busia, Mutukula na Mpondwe hununua bidhaa za jumla Kikuubo, jijini Kampala, na siku hizi bei na ankara huja kwa barua pepe. Ukiingia ujumbe wa ghafla usemao kwamba akaunti ya benki ya muuzaji imebadilika, tusiharakishe kulipa. Tulitafute jina lake katika barua za zamani, tulinganishe anwani herufi kwa herufi, kisha tumpigie kwa nambari tuliyoizoea.

Kwa hiyo tusizifute barua za biashara. Tuziweke kwenye kumbukumbu. Katika Gmail, kilichotupwa hufutika kabisa baada ya siku 30, bali kilichohifadhiwa hubaki na hutafutika. Nchini Uganda, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2011 inairuhusu rekodi ya namna hiyo kuwa ushahidi mahakamani.

Atakayetapeliwa aje kituoni mapema, na barua yenyewe aiache ilipo hata akiisha kuichapisha, kwani ndiyo itakayotuonyesha njia aliyopita mhalifu.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.