Plagi Ikiingia Haina Maana Imekubali
(Maneno ya mmoja wetu katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Tanga)



Nimeombwa niseme machache juu ya kompyuta za zamani. Wakati wetu kompyuta ilikuwa neno la kitabuni tu. Ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kufikia 1974 zilikuwa saba, na mwaka huohuo Serikali ikapiga marufuku kuingiza nyingine. Televisheni nayo Unguja walikuwa nayo tangu 1973, lakini Bara tulingoja hadi 1994.

Mpaka wa Kenya ulipofunguliwa mwishoni mwa 1983, nilivuka Horohoro kwenda kumwamkia mjomba wangu Mombasa. Alikuwa fundi redio. Mezani kwake nilikuta kijisanduku cheusi chenye vitufe vya mpira, kimeungwa na televisheni. Ilikuwa Sinclair Spectrum, iliyotoka Uingereza mwaka 1982.

Walioiunda walikuwa na shabaha moja: bei iwe ndogo. Haikuwa na kioo chake. Picha ilipita katika tundu la eriali ya televisheni. Programu zilihifadhiwa kwenye kaseti za kawaida, zikilia kama nyenje. Haikuwa hata na swichi. Ukitaka kuizima, unachomoa waya. Mjomba akacheka: "Hawa wamepika kama mama zenu mwisho wa mwezi." Baadaye nilisoma kwamba katika ile ya kilobaiti 48, baadhi ya chipu za kumbukumbu zilikuwa zenye nusu mbovu, zikanunuliwa ili itumike nusu iliyo nzima.

Nyuma yake, ukingo wa bodi ya saketi ndio uliokuwa soketi, wazi kabisa. Ukichomeka au kuchomoa kitu hapo umeme ukiwa unapita, unaweza kuiunguza. Matundu mawili ya kaseti, la kuingiza sauti na la kuitoa, yalifanana kama pacha. Na tundu la umeme lilitaka volti 9, ndani hasi, nje chanya.

Mjomba aliniambia nisiguse umeme mpaka awepo, na adapta yake akaifungia kabatini. Ijumaa moja, alipokwenda msikitini, nikachukua adapta ya redio iliyokuwa mezani. Iliandikwa volti 9, na plagi ikaingia sawasawa. Kumbe yake ilikuwa ndani chanya. Kiooni hakikuja kitu, ilikuja harufu.

Kosa lilikuwa langu mimi, si la mashine. Nilirudisha adapta mahali pake. Mjomba aliporudi alimshuku mwanawe wa miaka 12, akamchapa. Mimi, kijana wa kidato cha tatu, nilikaa pale na kitabu mkononi, sikufungua kinywa.

Ilinichukua miaka mitatu kuandika barua ya kukiri. Mjomba alijibu kwamba kompyuta aliitengeneza zamani, kwa kubadilisha transista na chipu kadhaa. Akaongeza: "Ile nyingine katengeneze mwenyewe." Nikapanda basi. Binamu yangu alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza tu kwa nini sikusema siku ileile. Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Tunasalimiana vizuri, lakini swali lake halijaondoka.

Vijana, nyinyi mna bahati. Simu nyingi za leo zina plagi isiyojali juu wala chini, na tangu mwisho wa 2024 Umoja wa Ulaya umeifanya kuwa sharti kwa simu mpya zinazouzwa huko. Lakini vyombo vya zamani bado mnavyo majumbani. Kabla ya kuchomeka, someni kibandiko: volti ngapi, ampea ngapi, na ule mchoro mdogo unaoonyesha hasi na chanya. Plagi ikiingia haina maana imekubali.

Na mkiunguza kitu cha mtu, semeni siku ileile.