Maporomoko ya Ngare Ndare: Twende na Watoto, Turudi Nao Wote

(Hotuba ya afisa wa utalii na mazingira kwa wazazi wa Kibirichia kabla ya likizo ya Agosti)



Shule zinakaribia kufungwa, na wengi wenu mmeuliza mahali pa kuwapeleka watoto kwa siku moja bila kusafiri mbali. Jibu liko hapa hapa Buuri. Msitu wa Ngare Ndare, upande wa Timau, una maporomoko, vidimbwi vya maji ya buluu, na daraja la kutembelea juu ya miti lenye urefu wa mita 450 hivi. Jina lake ni la Kimaasai, maana yake maji ya mbuzi. Tangu 2013 msitu huo ni sehemu ya eneo la Urithi wa Dunia la Mlima Kenya.

Msitu huo pia ni njia ya ndovu. Ndio hao wanaopita chini ya barabara kuu ya Meru–Nanyuki, kwenye kivuko walichoanza kukitumia 2011. Kwa hivyo ingieni langoni, mlipe ada, na mtembee na mwongozaji. Msikate njia za mkato. Mtoto asitangulie peke yake hata hatua 20, maana ndovu mkubwa anaweza kusimama kichakani usimwone.

Sasa nije kwenye maji, na hapa naomba tusikilizane. Wengi wetu tumekulia kwenye baridi hii ya viazi na ngano, hatukufunzwa kuogelea. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Kidimbwi kinaonekana kimetulia, kumbe ni kirefu na baridi yake hukata pumzi ghafla. Asiyejua kuogelea abaki ukingoni. Anayejua asirukie maji kwa kichwa, kwa sababu mawe yaliyo chini hayaonekani. Mawe ya ukingoni nayo yana ukungu na huteleza, kwa hivyo vaeni viatu vinavyoshika.

Jambo la pili ni mvua. Huku chini jua linaweza kuwaka ilhali kule juu mlimani kunanyesha. Mkiona maji yanageuka rangi na kuwa ya udongo, majani na vijiti vinaelea kwa wingi, au mngurumo umeongezeka, msingoje kumaliza picha. Pandeni juu kwenye mwinuko mara moja. Msikimbie mkifuata mto.

Tatu, kila kikundi kichague mtu mzima mmoja wa kuangalia watoto walio karibu na maji. Simu aiweke mfukoni. Baada ya nusu saa apokezwe na mwingine. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Hawezi kuita kwa kuwa anatafuta pumzi. Wakiwepo watu wazima kumi, kila mmoja hudhani mwenzake anaangalia.

Ikitokea ajali, usijitupe majini kama hujui kuogelea, tusije tukazika wawili. Mrushie kamba, mnyooshee fimbo, au mtupie mtungi mtupu wa lita 5 uliofungwa kifuniko ashikilie. Mwenzako apige 999 au 112. Akitolewa na hapumui, msimning'inize miguu juu wala kumkamua tumbo. Hilo hupoteza muda. Mlazeni chali, mumpe pumzi tano mdomoni, kisha mbane kifua mara 30 na pumzi 2, mkirudia hadi msaada ufike. Hata akizinduka, apelekwe hospitali.

Mwisho, chakula. Bebeni mukimo au githeri kwenye vyombo vya nyumbani, na maji kwenye chupa za kutumika tena. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga, misitu na maeneo yote yaliyohifadhiwa nchini. Tena maji yanayopita pale yanashuka kuelekea Ewaso Nyiro, na kuna wafugaji na mifugo wanaoyangoja huko chini.

Nendeni, mfurahie mali yenu. Kabla ya kuondoka hesabuni watoto, mkifika mahesabu yarudiwe, na jioni idadi iwe ile ile.