Maabara ya Kiganjani: Hotuba ya Mwenyekiti



Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha miaka kumi tukiwa bado na sanduku letu na funguo zake tatu. Habari za hisa na faida mtazipata kwenye taarifa ya mweka hazina. Mimi kamati imenipa nafasi nizungumzie afya, na nimechagua kuwaeleza kazi ya mtaalamu mmoja wa sayansi, Profesa Manu Prakash. Najua wengine mnajiuliza, mwanamke wa darasa la saba na mambo ya maabara wapi na wapi? Nimesomewa na kufafanuliwa jioni nyingi na kijana wetu mmoja anayesomea maabara. Na kilichonifanya niyatake ni daftari la mikopo ya dharura. Nimelipitia lote, tangu ukurasa wa kwanza. Mkopo baada ya mkopo umeandikwa "nauli ya kwenda kupima". Siyo dawa, akina mama. Nauli. Mama anapanda gari na mtoto mgongoni mpaka mjini kwa ajili ya tone moja la damu.

Huyu Prakash alizaliwa Meerut, India, mwaka 1980. Alisomea kompyuta katika chuo cha IIT Kanpur akamaliza 2002, kisha akaenda Marekani katika chuo cha MIT, akapata shahada ya udaktari mwaka 2008. Fani yake inaitwa maikrofluidiki. Jina ni gumu lakini kitu chenyewe mnakijua. Utambi wa koroboi unapandisha mafuta ya taa mpaka juu bila mtu kuyasukuma, si ndiyo? Kipimo cha haraka cha malaria pale zahanati, na kile cha ujauzito kinachouzwa duka la dawa, vinakwenda kwa njia hiyo hiyo. Tone linatambaa lenyewe kwenye ukanda kama karatasi, linakutana na dawa iliyotegwa humo, mstari unatokea. Basi maikrofluidiki ni elimu ya kuyaongoza matone madogo namna hiyo. Wataalamu wanachonga vijia vyembamba, vingine kama unywele, ndani ya kipande cha kioo au plastiki kinachoenea kiganjani, na humo wanataka kazi ya maabara nzima ifanyike. Tena maji yakiwa membamba hivyo hayana tabia ya maji ya sufuria. Ukipitisha rangi mbili katika kijia kimoja zinakwenda bega kwa bega kama abiria wasiojuana, hazichanganyiki ila pole pole.

Mwaka 2007, akiwa bado mwanafunzi, yeye na mwalimu wake Neil Gershenfeld walionyesha kwamba mapovu yanayopita katika vijia hivyo yanaweza kupangwa yapishane kwa utaratibu hata yafanye hesabu kama kompyuta. Wakubwa wa sayansi walisifu. Mimi kwa upande wangu, nilipoelezwa habari ya mapovu kupiga hesabu, niliuliza: yanamsaidia nani?

Sasa sikilizeni penye ugumu. Kile kipande chenye vijia ni kidogo, ndiyo, lakini ili matone yaende yalikotakiwa, mara nyingi kilizungukwa na pampu, mirija, kompyuta na waya za umeme meza nzima. Maabara imeingia kiganjani, lakini kiganja chenyewe hakiwezi kutoka nje ya jengo! Prakash, ambaye alianza kufundisha Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2011, alilitafutia dawa jambo hili pamoja na mwanafunzi wake George Korir. Walichukua kile kisanduku kidogo cha muziki cha watoto, ambacho unazungusha mkono wake na ukanda wa karatasi wenye matundu unapita ukipiga wimbo. Wao wakakifanya kiendeshe matone badala ya nyimbo. Kila tundu ni amri: tone hili liende, lile lingoje. Hakuna umeme, na gharama waliikadiria dola 5 hivi. Mwaka 2014 kifaa hicho kilishinda huko Marekani shindano la vifaa vya kuwafundishia watoto sayansi, zawadi dola 50,000.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, 2013, alikuwa amefika kwa jirani zetu Uganda kuangalia zahanati. Alikuta mashine ya kuzungushia damu, wataalamu wanaiita sentrifuji, imewekwa chini kuzuia mlango usijifunge. Umeme wa kuiendesha haukuwepo. Mashine ile ni muhimu, maana damu ikizungushwa kwa nguvu, vitu vizito vinashuka chini na maji yake yanabaki juu, kama wanga wa muhogo unavyotuama kwenye beseni, ila kwa haraka sana. Na sisi tunakijua kituo, sitakitaja, ambako mashine ilikaa ndani ya boksi lake msimu mzima wa mvua ikingoja fundi.

Prakash na wenzake, akiwemo Saad Bhamla, wakaanza kuchunguza michezo ya watoto inayozunguka. Wakaishia kwenye mchezo ambao watoto wetu wote wanaujua: unaponda kizibo cha soda, unatoboa matundu mawili, unapitisha uzi, unavuta na kulegeza, kinalia vuuu! Wao walitumia duara la karatasi, na damu wakaiweka kwenye kimrija kilichobandikwa juu yake. Majibu waliyachapisha Januari 2017. Kidude hicho kilifikia mizunguko 125,000 kwa dakika, kikatenga maji ya damu katika muda usiofika dakika mbili. Vifaa vyake ni senti 20 za Marekani. Walikwenda pia kukijaribu Madagaska. Kabla yake walikuwa wametoa hadubini ya kukunja kwa karatasi, Foldscope, ambayo vifaa vyake havikuzidi dola moja, na zimeshasambazwa zaidi ya milioni duniani. Mwaka 2016 alipewa tuzo ya MacArthur.

Lakini jamani, tusidanganyane kwa sababu ni sherehe. Senti 20 ni bei ya karatasi na uzi. Haina ndani yake mshahara wa mtu wa maabara, wala rangi ya kupakia damu kwenye kioo, wala jicho lililofundishwa kumtambua mdudu wa malaria. Hadubini ya karatasi mikononi mwa asiyejua ni kitu cha kuchezea. Na asitoke mtu hapa akaenda kumzungushia mjukuu damu kwa kizibo! Ninachompendea bwana huyu ni kwamba aliacha kuuliza mashine itafanya nini mezani kwake, akauliza itafanya nini kwa yule wa mwisho wa barabara, asiye na umeme wala nauli.

Kwa hiyo, Mgeni Rasmi, ombi letu kwako ni dogo. Kila mashine inapoletwa huku, tuambiwe siku hiyo hiyo nani ataitengeneza na atafika lini.

Na kwenu wanachama, ninayo hoja. Mkopo wa dharura wa kwenda kupima, iwe mtoto au mama mjamzito au mwanachama mwenyewe, usitozwe riba, na nusu ya nauli itoke mfuko wa jamii. Najua wapo watakaosema faida ya mwisho wa mwaka itapungua. Ni kweli itapungua, na mweka hazina ameshanipigia hesabu, hakufurahi. Hoja imeandikwa kwa katibu na kura tutapiga kikao cha kwanza cha mwezi ujao, saa nane kamili. Mje na vitabu vyenu vya hisa, na washika funguo wasichelewe.