Kabla Hujanunua Mbwa, Jitazame Mwenyewe

Leo sitazungumzia bei ya mahindi wala foleni ya malori pale mpakani. Leo nataka tuzungumze habari za mbwa. Najua wapo watakaosema mtangazaji ameishiwa maneno. Nawaomba wanivumilie kwa dakika chache tu, kwa sababu jambo lenyewe limo ndani ya nyua zetu, na lina meno.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita wezi waliingia nyumbani kwangu hapa Chapwa, wakaondoka na betri ya pikipiki, godoro lililokuwa limeanikwa, na kuku wanne. Kwa hasira nikaapa kutafuta mbwa mkali. Nikampata kijana mmoja aliyekuwa akiuza watoto wa mbwa kando ya barabara kuu. Akaniambia, "Mzee wangu, huyu ni Jemani Shepadi halisi, baba yake ni mbwa wa polisi." Baba sikumwona, wala mama sikumwona. Sikuuliza umri, sikuuliza chanjo. Nikalipa, nikamtia ndani ya boksi la sabuni, nikarudi nyumbani kama mtu aliyetoka kununua kufuli.

Kufuli, msikilizaji! Hapo ndipo nilipopotea. Kufuli haliumwi njaa, haliugui, halihitaji kutembezwa wala kusemeshwa. Mbwa ni kiumbe. Mimi huondoka alfajiri kwenda kazini na kurudi jioni. Mke wangu yuko kwenye biashara yake, watoto wako shuleni. Yule mbwa tulimfunga mnyororo kwenye mpapai tangu akiwa na miezi minne, kutwa kucha, tukimtupia ugali kwa mbali. Kweli alikua, akawa mkubwa, akawa mkali. Tukafurahi.

Jumamosi moja mnyororo ukakatika. Mtoto wa jirani, umri miaka sita, alikuwa amekuja kuchota maji kama ilivyokuwa kawaida yake. Mbwa akamshika mguu.

Tulipofika kwa mganga, swali lake la kwanza lilikuwa moja tu: "Huyo mbwa amechanjwa?" Nikatazama chini. Mimi, ninayewahimiza watu kila wiki wafanye hili na lile, sikuwa na jibu. Mtoto akaanzishiwa sindano. Mbwa naye ikabidi afungiwe na kuchunguzwa kwa siku kumi, maana mbwa mwenye virusi vya kichaa mateni wakati anapouma, kwa kawaida huonyesha dalili au hufa ndani ya muda huo. Siku zile kumi nilizihesabu moja moja. Kila asubuhi baba wa yule mtoto alikuwa akipita kwenye uzio na kuuliza, "Jirani, yu hai?" Nami najibu, "Yu hai, ndugu yangu."

Mungu alisaidia, mtoto alipona na mbwa hakuwa na kichaa. Lakini mtoto yule mpaka leo akisikia mbwa anabweka hutafuta pa kujificha. Deni hilo sijui nitalilipaje.

Basi, ndugu msikilizaji, tangu siku ile nimekuwa mwanafunzi wa mambo ya mbwa. Na somo la kwanza nililojifunza ni kwamba kabla ya kuuliza "mbwa gani ni mkali," mtu ajiulize "mimi ni mtu wa namna gani." Nina muda kiasi gani kwa siku? Nina uwanja, au nimepanga chumba kimoja kwenye nyumba ya wapangaji sita? Nina watoto wadogo? Nimewahi kufuga mbwa, au huyu ni wa kwanza? Mfuko wangu unaweza kumlisha na kumtibu kwa miaka kumi au zaidi? Maana huo ndio umri wa mbwa anayetunzwa.

Ukishajijibu kwa ukweli, ndipo utazame aina za mbwa. Kila aina ilizalishwa na watu kwa kazi maalumu, na kazi hiyo bado imo ndani ya damu yake. Chukua huyo Jemani Shepadi tunayemtamani wote. Aina hiyo ilianza kuandikishwa rasmi Ujerumani mwaka 1899 na ofisa mmoja wa jeshi, Max von Stephanitz. Alitaka mbwa wa kuchunga kondoo, mwenye akili, anayeweza kukimbia kutwa nzima na kusikiliza amri. Ndiyo sababu polisi na majeshi ya dunia walimpenda. Sasa mbwa aliyezalishwa kufanya kazi kutwa nzima, wewe unamfunga kwenye mpapai! Akili ile isipopewa kazi huigeuza kuwa uchungu. Polisi humfundisha mbwa wao kila siku, naye ana askari wake anayemjua. Wewe na mimi tunataka matunda ya mafunzo bila mafunzo yenyewe.

Rotwaila naye asili yake ni mbwa wa wachinjaji wa Ujerumani, akiswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni ya nyama. Ana nguvu za kutisha. Boboeli wa Afrika Kusini alifugwa kulinda mashamba makubwa, na dume lake linaweza kufika kilo 70 na zaidi. Mbwa hao si wabaya. Wakilelewa vizuri huwa watulivu na waaminifu. Lakini si mbwa wa mtu anayeanza, na si mbwa wa ua usio na geti. Akiamua kumvuta mtoto wako wa darasa la tano aliyeshika kamba, atamvuta mpaka Nakonde.

Hata majirani zetu wa kusini wana mbwa wao maarufu, Ridibeki, mwenye mstari wa manyoya yaliyogeukia mbele mgongoni. Mstari huo aliurithi kwa mbwa wa Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika. Vigezo vya aina hiyo viliandikwa Bulawayo mwaka 1922, na wawindaji walimtumia kusumbua simba mpaka mwenye bunduki afike. Mbwa aliyezaliwa kwa ajili ya simba, atafanya nini kwenye chumba na sebule?

Tena tusidhani kuwa hofu ya mbwa wakali ni ya kwetu tu. Uingereza ilitunga sheria ya mbwa hatari mwaka 1991 baada ya watu kushambuliwa, ikapiga marufuku pitibulu na aina nyingine. Hata hivyo, mwishoni mwa mwaka 2023 walilazimika kuongeza aina nyingine kwenye orodha hiyo. Maana yake, sheria peke yake haitoshi kama mwenye mbwa hajui anachokifanya.

Sasa nani anatufaa sisi watu wa mji wenye shughuli? Nitasema jambo ambalo halina fahari: mbwa wetu wa kienyeji. Huyu tunayemwita koko kwa dharau ndiye aliyeishi na babu zetu, akalinda mahindi dhidi ya nyani na nguruwe pori. Hali sana. Amezoea jua letu na baridi yetu ya Juni na Julai. Husikia mtu akikanyaga jani. Na kwa mlinzi wa nyumbani, msikilizaji, kubweka ndiyo kazi kubwa kuliko kuuma. Mwizi haogopi kuumwa kama anavyoogopa wewe kuamka. Wenzetu wa Kongo wana mbwa wao wa kuwindia, Basenji, ambaye kwa kawaida habweki. Wazungu walimpeleka kwao wakampa tuzo kwenye maonyesho. Kwa nini wetu tunamrushia mawe?

Ukiamua kuchukua mtoto wa mbwa, awe wa kienyeji au wa kizungu, nenda ukamwone mama yake. Mama akiwa mtulivu mbele ya wenyewe, hiyo ni dalili njema. Usimchukue kabla hajatimiza wiki nane, kwa sababu kwa mama na ndugu zake ndiko anakojifunza kutouma hovyo. Miezi yake ya mwanzo mzoeshe watoto, wageni, kelele za pikipiki. Usimfunge kutwa. Mfungulie, mtembeze, mpe jina, mfundishe kukaa na kuja akiitwa. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hawakusema mtoto wa mtu tu. Na kama jirani yako kwa imani yake hapendi mbwa amguse, mheshimu, weka uzio.

La mwisho na kubwa kuliko yote ni chanjo. Wataalamu wamekadiria kuwa watu wapatao 1,500 hufa kila mwaka nchini Tanzania kwa kichaa cha mbwa, na miongoni mwa wanaoumwa wamo watoto wengi. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Lakini ugonjwa huo unazuilika. Mbwa achanjwe akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka, na kadi yake itunzwe kama hati ya nyumba. Shirika la Afya Duniani linasema tukichanja asilimia 70 ya mbwa, ugonjwa unakatika. Kule Pemba kampeni za chanjo zimeonyesha kwamba unaweza kufutwa kabisa. Na mtu akiumwa, osha jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha kimbia hospitali siku hiyo hiyo. Usisubiri kuona kama mbwa atakufa.

Sisi wa mpakani tuna jukumu zaidi. Mbwa huvuka mpaka bila pasipoti. Wewe ukimnunua upande wa pili, hakikisha ana cheti cha chanjo na kibali cha idara ya mifugo.

Utaniuliza yule mbwa wangu alikwenda wapi. Yupo. Nilimfungua kwenye mpapai, nikamchanja, nikajenga uzio na geti. Kila jioni tunatembea naye kilometa mbili kwa kamba. Ofisa mifugo alipomtazama vizuri alicheka, akasema, "Ndugu mtangazaji, huyu Ujerumani hajawahi kuisikia." Ni koko mtupu. Nami namshukuru Mungu, maana angekuwa yule niliyedhani nimemnunua, mguu wa yule mtoto usingepona.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.