Mgonjwa wa Adrenali Asingoje Foleni

Mtu ambaye tezi zake za adrenali, zilizo juu ya figo, hazitoi kotisoli ya kutosha huishi kwa vidonge. Akitapika, vidonge havikai. Presha hushuka, huzimia, na anaweza kufa. Mtu mzima huhitaji haidrokotisoni miligramu 100 papo hapo, kisha hospitali.

Hapo ndipo jamaa hukwama: kuchanganya dawa, kuivuta kwa sindano, mikono ikitetemeka. Kampuni ya Crossject ya Ufaransa imekuwa ikiunda Zeneo, kifaa kinachosukuma dawa kupenya ngozi kwa nguvu ya gesi, bila sindano.

Kwetu bado ni sindano, basi jamaa wafundishwe na muuguzi mapema. Na aliyetumia prednisoloni miezi mingi asiiache ghafla. Naye yumo hatarini.