SAMAKI MKUBWA WA MTOTO WA LIKIZO

(Mazungumzo na wanakisomo wa vijiji vya kando ya Bwawa la Mtera)



Leo hatukuja kuwafundisha kutega nyavu. Wengi wenu mnaijua kazi hiyo kuliko sisi. Tumekuja kuwasimulia habari ya samaki mmoja, na aibu tuliyoipata sisi wavuvi watu wazima siku alipovuliwa.

Ilikuwa mwezi wa Juni, shule zimefungwa. Mtoto wa darasa la sita alikuja kutoka Dodoma mjini kukaa kwa mjomba wake, ambaye ni mwenzetu katika kikundi. Huko kwao amezoea ugali wa uwele na mlenda. Samaki alimjua akiwa amekaushwa tu, sokoni. Basi alipoliona bwawa hakutaka mchezo mwingine ila kuvua.

Mjomba wake akampa mshipi, ndoano, chubwi na utumbo wa kuku wa kufanya chambo. Akamwonyesha jiwe kubwa la kukalia. Akamwambia, "Mjomba, usiingize mguu majini. Humu mna mamba na viboko, na maji ya kandokando yana kichocho. Na usivue peke yako."

Siku tatu mtoto alikaa juu ya jiwe lile, na mjomba wake karibu naye akishona nyavu. Alipata perege wawili tu, wadogo kama kiganja. Sisi tulipopita na mtumbwi tulimcheka. "Bwana mdogo, leo tutakula nini?" Naye alicheka, akatia chambo kingine.

Siku ya nne, jua likizama, mshipi ukakaza ghafla. Mtoto alikuwa ameuzungusha mkononi, ukamkata kidole. Mjomba wake akaruka, akaufungua upesi, akamshika kiunoni. Tulimsikia akisema, "Usivute kwa hasira! Akivuta, mwachie. Akichoka, mrudishe." Wakafanya hivyo mara nyingi, mpaka giza likaanza kuingia. Mwisho tukaona kichwa kipana chenye ndevu. Kambale! Alipolazwa mchangani urefu wake ulifika kifuani kwa mtoto. Mizani ya mnunuzi ikasema kilo 11.

Jamani, kijiji kizima kilikuja kutazama. Hapo ndipo mzee mmoja alipotuuliza, "Na ninyi wenye mitumbwi, mmepata nini?" Tukamwonyesha viroba vyetu. Akasema, "Pimeni kilo 11 kama za mtoto, kisha mhesabu samaki."

Tukapima. Tukahesabu kwa taa. Kilo 11 za mtoto zilikuwa samaki mmoja. Kilo 11 zetu zilikuwa samaki 412! Wote vitoto vya perege, na vichache vya kambale.

Mtoto akachukua kijiti akapiga hesabu mchangani. Akasema, kama samaki hao 412 wangeachwa mpaka kila mmoja afike robo kilo, wangekuwa kilo 103. Sisi wanakisomo tukaihakiki hesabu ile: 412 gawanya kwa 4. Ni kweli, 103. Kumbe usiku ule tulikuwa tumechukua kilo 11 na kuharibu kilo 92. Hakuna aliyecheka tena.

Ndugu zangu, tuangalie sababu. Sisi tulikuwa tunavuta kokoro lenye macho madogo. Kokoro husomba kila kilicho mbele yake pale kandoni, na kandoni ndiko watoto wa samaki wanakokulia. Perege jike hutunza mayai na vitoto vyake mdomoni. Ukimvua wakati huo, umevua mama na watoto wote. Kambale naye hutaga katika majani yaliyofunikwa na maji mvua zinapoanza. Ana uwezo wa kuvuta hewa ya juu, kwa hiyo huishi hata kwenye matope. Lakini hawezi kuishi ndani ya kokoro. Yule wa kilo 11 aliponea chupuchupu akiwa mdogo, ndiyo maana akawa mkubwa.

Tena bwawa letu si bahari. Lilijengwa katika miaka ya 1970 kuzuia maji ya Mto Ruaha Mkuu, ili mitambo ya umeme ya Kidatu isikose maji wakati wa kiangazi. Mwaka 1988 Mtera yenyewe ikaanza kutoa umeme, megawati 80. Maji yakijaa hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Kiwango cha chini cha kuendeshea mitambo ni mita 690. Mwaka 2006 ukame ulipokuwa mkali, maji yalipungua mno na nchi ikaingia kwenye mgawo wa umeme. Maji yakipungua hivyo, samaki hubanana mahali padogo, na mtu mwenye kokoro anaweza kuwamaliza.

Kokoro, sumu na baruti vimekatazwa na kanuni za uvuvi. Tulijua. Lakini tulikuwa tunasema, eti tukiacha sisi, wengine watavua. Kila kijiji kilisema hivyo, upande wa Dodoma na upande wa Iringa.

Baada ya siku ile tulikaa kikao. Kokoro letu tulikuwa tumelinunua kwa mkopo, na deni lilikuwa bado. Wenzetu wawili walikataa kuliacha, wakajitoa katika kikundi. Hatuwalaumu, wana watoto wa kulisha. Tuliobaki tulilikata vipande, tukarudi kwenye nyavu za macho makubwa na ndoano. Hatuwadanganyi, miezi ya kwanza ilikuwa migumu. Tuliuza mbuzi ili tulipe deni. Sasa tunapata samaki wachache kwa idadi, lakini abiria wa mabasi ya Dodoma na Iringa wanaonunua samaki njiani huchagua mkubwa kwanza.

Hatusemi kwamba bwawa limepona. Kikundi kimoja hakiwezi kuliponya. Ndiyo maana tumekuja kwenu.

Mtaniuliza, yule kambale alikwenda wapi? Mnunuzi alitaka kumchukua. Mtoto akamwangalia mjomba wake. Mjomba akasema, "Samaki ni wako, mjomba. Sema wewe." Mtoto akaomba nusu ipikwe, wale wote waliomsaidia kubeba, na nusu ikaushwe apeleke kwa mama yake Dodoma. Tulikula, na sisi tuliomcheka tulipewa minofu.

Ndugu wanakisomo, tukitoka hapa, kila mmoja apime kilo moja ya samaki wake na kuwahesabu. Aandike idadi kwenye daftari. Wiki ijayo tuje na madaftari hayo, tukae pamoja, tuulizane: tunavua samaki wa leo, au tunavua samaki wa watoto wetu?